Ukingoja jeraha utachelewa: jibu la fundi cherehani wa Ngamiani

Mhariri, mmeuliza wiki hii "Ulitambuaje kwamba mtu wako wa karibu anateswa na mwenza wake, na msaada mliupata wapi?" Nimeona waliojibu kabla yangu wengi wanataja jicho lililovimba, mkono wenye bendeji, kelele za usiku, sawa hizo zipo sibishi, lakini mi nasema ukingoja jeraha utangoja sana kwa sababu wanaume wazoefu wa hiyo kazi hawapigi sehemu inayoonekana, na wengine hawapigi kabisa na bado mwanamke anakonda mpaka gauni la Iddi iliyopita linamvuka mabegani.

Mi ni fundi cherehani, niko Ngamiani hapa Tanga mjini. Nashona madera, magauni ya lesi, sare za shule, na ukifika msimu wa harusi hata kula nakula nimesimama. Sasa fundi wa kike anaona vitu ambavyo hata dada wa tumbo moja havioni, kwa sababu mtu akija kupimwa anavua mtandio, ananyanyua mikono, anageuka, na mdomo nao haukai kimya. Yaani hamuwezi kuamini watu wanayoongea na fundi wakati futi iko kiunoni.

Kitu cha kwanza ninachoangalia ni ruhusa. Ngoja nieleweke maana najua watanirukia, hapa kwetu pwani mke kumuaga mume akitoka ni adabu ya kawaida tu, mama yangu alikuwa anaaga na baba naye alikuwa anaaga, hakuna aliyekufa. Sizungumzii kuaga. Nazungumzia mtu ambaye ukimwambia "shoga, njoo Alhamisi ujaribu" macho yanamtoka, anaanza kupiga hesabu, Alhamisi mume atakuwepo, hela ya bajaji ataitoa wapi, na akipiga simu nikiwa njiani je. Nazungumzia mtu anayepigiwa simu ya video akiwa kwangu azungushe kamera aonyeshe chumba chote mpaka nyuma ya pazia la kujaribia nguo, halafu anacheka anasema "ananipenda sana huyu, ana wivu balaa". Au mtu anayetumwa na hela kamili ya mshono, chenji inahesabiwa nyumbani, anaomba nimwandikie risiti, mi fundi wa Ngamiani lini niliandika risiti jamani. Kuna anayeamka alfajiri kukaanga maandazi ya kuuza lakini laini inayopokea hela ina jina la mume na namba ya siri anaijua mume peke yake. Na kuna ambaye mshono unachaguliwa na mume, anatuma picha kwenye simu, na shingo ikishuka kidogo silaumiwi mi niliyeshona, analaumiwa yeye aliyevaa.

Hayo yote hayaachi alama mwilini. Ila ukiyaona mawili matatu kwa mtu mmoja na juu yake ukaona woga, basi ujue kuna jambo. Woga ndo kipimo changu. Ugomvi wa mke na mume upo kila nyumba, kwangu pia upo tena wa nguvu, lakini kwenye ugomvi wa kawaida wote wawili wananuna na wote wawili wanaropoka. Kwenye mateso mmoja ndo mwenye haki ya kukasirika, mwingine kazi yake ni kusikiliza pikipiki inavyozimwa nje ajue bwana leo kaja vipi.

Nije sasa kwa huyu mmoja, nimebadilisha vitu viwili vitatu asijulikane na mwenyewe kaniruhusu niandike. Ni mteja wangu wa siku nyingi mpaka tukawa mashoga. Alikuja na kitambaa cha gauni la harusi ya wifi yake, nampima kama kawaida, bega, kifua, kiuno, mkono, nikafika shingoni. Kwa wasiojua, shingo unaizungushia futi halafu unaingiza kidole kimoja ndani ili kola isije ikabana. Futi ilipogusa tu alinidaka mikono yote miwili kwa nguvu akarudi nyuma mpaka akagonga meza ya kukatia. Shingoni hakuna kitu, ngozi safi kabisa, ila sauti ilikuwa inakwaruza na mi nilishamwambia pole na mafua. Akasema kwa kunong'ona "shingo we kadiria tu shoga yangu". Nikakadiria. Nikaandika kwenye daftari, nikamwambia hapa nyuma ya pazia haingii mtu, hata mume wangu haingii, ukitaka kupumzika hata bila kitambaa njoo. Basi, sikumuuliza lolote siku ile. Alirudi mwenyewe wiki ileile, hana kitambaa, akakaa kwenye kigoda akayasema yote huku mi naendelea kushona, maana kuna watu wakiangaliwa usoni hawawezi kuongea.

Hili la kukabwa shingo nilipigie mstari kwa sababu watu wanalichukulia poa, "alinishika shingo tu". Aliyekabwa anaweza asiwe na alama hata moja nje huku ndani ya koo pamevimba. Dalili zake ni sauti kukwaruza, kumeza kwa shida, kichwa kuuma, vidoa vyekundu kwenye weupe wa macho, na wengine mkojo huwatoka wakati wanakabwa na hiyo ndo inawafanya waone haya kusema. Mtu anaweza kuzidiwa saa kadhaa au hata siku kadhaa baadaye, kwahiyo aende hospitali hata kama anajiona mzima. Na kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa 2008, ulionyesha kwamba kwa wanawake wanaoteswa, yule ambaye mwenza wake alishawahi kumkaba hatari ya kuja kuuawa na huyohuyo inapanda zaidi ya mara 7. Ukisikia neno hilo kwa shoga yako acha kusema mambo ya ndoa na uvumilivu.

Haya, ukishajua unafanyaje. Wengi wetu tunakimbilia "achana naye, unangoja nini pale". Mi hiyo kauli siitumii. Kwanza anaisikia kwa kila mtu na kila akiisikia anajiona mjinga zaidi, atakukwepa, na mume wake anachotaka ni hichohicho, abaki hana mtu. Pili, kuondoka ndo wakati wa hatari kuliko zote, mwanaume wa aina hiyo akihisi anaachwa ndo anakuwa mnyama kabisa, kwahiyo kuondoka kunapangwa kimyakimya na mwenye kupanga ni yeye anayemjua mtu wake. Kazi yangu mi ilikuwa kumpa sababu ya kutoka nyumbani. Gauni lile la harusi lilichukua muda mrefu kuliko nguo yoyote niliyowahi kushona maishani, leo zipu imeharibika, kesho bitana imepungua, mume akauliza huyo fundi wako vipi mbona mzembe, nikasema sawa niwe mzembe.

Akija tunafanya mambo yetu. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa, kadi ya NIDA, kadi za kliniki, vilihama kimoja kimoja ndani ya mfuko wa vitambaa mpaka vyote vikawa kwenye sanduku langu la vipande. Na kwenye daftari langu la vipimo, kila alipopigwa au kufungiwa ndani nilikuwa naandika tarehe chini ya jina lake na neno "kurekebisha", mbele yake "mkono wa kushoto" au "kichwa" au "hela". Mtu akifungua anaona habari za nguo. Picha za majeraha alipiga kwa simu yangu, ya kwake inakaguliwa kila usiku mpaka meseji za salio.

Kwa wazazi wake alishaenda kabla ya kuja kwangu, akarudishwa. Mama yake alimwambia mwanangu ndoa ndivyo zilivyo, sitiri nyumba yako, na yule bi mkubwa aliyemfunda wakati anaolewa akasema hivyohivyo, mambo ya chumbani hayatoki nje. Siwashangai sana. Utafiti wa afya ya jamii wa taifa wa 2015/16 ulikuta asilimia 58 ya wanawake wa Tanzania wenyewe wanakubali kwamba zipo sababu za mume kumpiga mke, wanaume waliokubali walikuwa asilimia 40, yaani sisi ndo tumewazidi! Asilimia 40 ya wanawake katika utafiti huohuo walisema wameshawahi kupigwa tangu wafike miaka 15. Na wanaosingizia dini nawaambia Sura ya al-Baqara imesema wazi, kukaa kwa wema au kuachana kwa hisani, hakuna cha tatu hapo.

Sheria nayo haina kigugumizi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenza wake adhabu ya kipigo, hata kama mila inaruhusu. Imeandikwa kwa mume na kwa mke. Ni sheria ya zamani kuliko wengi wetu tunaosoma hapa lakini ukiitaja barazani wazee wanakuangalia kama umeitunga asubuhi.

Polisi tulienda. Safari ya kwanza tuliishia kaunta, kijana mmoja akatuambia mama haya ni ya ndani nendeni mkayamalize na wazee. Shoga yangu alilia njia nzima tukiwa kwenye bajaji. Kilichotusaidia ni mama mmoja wa kikoba chetu, alituambia nyie mlikosea kueleza habari kaunta mbele za watu, mkifika semeni tunataka Dawati la Jinsia na Watoto, basi, hamna maelezo mengine pale mbele. Na kweli safari ya pili tulitaja hivyo tukapelekwa chumba cha pembeni, askari wa kike, mlango umefungwa, akasikilizwa mpaka mwisho. Akapewa PF3 ya kwenda nayo hospitali, ile fomu haiuzwi, mtu akikudai hela ya fomu anakuibia. Hospitali daktari anajaza alichokiona na inarudi polisi ikiwa ushahidi. Ila jamani kama mtu anavuja damu au hapumui vizuri mpelekeni hospitali moja kwa moja, habari za fomu zitafuata. Na kama kabakwa asioge kwanza na asikae nyumbani kusubiri aibu iishe, dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72 na zikiwahi zaidi ndo vizuri. Baadhi ya hospitali kubwa zina vituo vya mkono kwa mkono, unakuta daktari, polisi na ustawi wa jamii sehemu moja badala ya kuzungushwa mji mzima ukihadithia upya kila mlango.

Niseme pia ambalo halisemwi: hatuna sheria moja maalumu ya ukatili wa nyumbani. Kesi inafunguliwa kama shambulio la kawaida, na kumpiga mtu ukamdhuru mwili ni kosa ambalo kifungo chake kinafika miaka 5, haijalishi aliyepigwa ni mkeo. Lakini kulazimishwa kitandani ndani ya ndoa sheria yetu ya 1998 ilikuita ubakaji pale tu ambapo wameshatengana. Mi hilo linanichoma, na nadhani siku moja wabunge wataliona.

Upande wa ndoa yenyewe kuna ngazi zake. Huendi mahakamani kudai talaka kabla ya kupita kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, waislamu wengi tunapitia BAKWATA, likishindwa kusuluhisha linakupa hati ndo unaenda nayo mahakamani, na mahakama ya mwanzo inatosha, si lazima upande juu. Wengine wanaambiwa hapo barazani warudi wakajaribu tena na tena, kumbe sheria imeacha nafasi ya kuruka baraza kama kuna mazingira yasiyo ya kawaida, kwahiyo muulizeni mwanasheria kabla ya kukubali kurudishwa kwa mtu aliyekukaba. Na mwanasheria si lazima uwe na hela. Chama cha wanasheria wanawake, TAWLA, wanasaidia bure wasiojiweza na hapa Tanga wapo, halafu kwenye kata kuna wasaidizi wa kisheria wanaotambulika kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, mtendaji wa kata anawajua. Matunzo ya watoto mnaanzia ustawi wa jamii. Watoto wenyewe wakiwa hatarini kuna namba 116, unapiga bure, hata jirani anaweza kupiga.

Kuhusu mali, wanawake wengi wanabaki kuteseka kwa sababu wameambiwa "ukitoka hapa unatoka na khanga zako". Si kweli. Mahakama ya Rufani mwaka 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ilikubali kwamba kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango kwenye mali za ndoa, ingawa yeye Bi Hawa mwenyewe hakuambulia mgao kwa sababu nyingine za kesi yake. Na nyumba mnayoishi mume hawezi kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa yako. Shoga yangu miaka yote alikuwa anaamini maandazi yake ni "hela ya mboga", kumbe ndo iliyonunua mabati.

Siku ya kuondoka sitaieleza sana. Aliondoka mchana kweupe, mume yuko safari, na watoto wakiwa wamevaa sare kama wanaenda shule, kikoba kilimkopesha kodi ya miezi ya mwanzo, na aliyempokea kwanza ni mjomba wake wilaya nyingine ambaye mume hakuwahi kumfikiria kwa sababu waligombana zamani. Laini ya simu aliiacha ndani ya kabati. Simu za siku hizi zinasema ulipo, na kama mume ndo aliyekununulia na kuifungulia akaunti basi jua anaona vingi. Miezi michache baadaye alirudi kwa mume, ndiyo, alirudi, wazee walikuja na maneno matamu na mtoto mdogo alikuwa anaumwa, akakaa kidogo akatoka tena. Naandika hivi kwa ajili ya nyie mnaomsaidia mtu halafu akirudi mnamnunia. Wengi wanarudi kabla ya kutoka moja kwa moja, msifunge mlango.

Wanaume nao wapo, nisiwasahau, kuna kaka mmoja anapigwa na mkewe na watu wakimsikia wanacheka. Dawati lilelile ni lake na kifungu kilekile cha 66 ni chake. Na kuna bibi zetu wanaonyang'anywa hela na watoto waliowazaa wenyewe, hiyo mada iandalieni swali lake.

Mume alikuja dukani kwangu, alishaambiwa nyumba ya fundi ndo ilikuwa kituo. Alianza kwa heshima, "shemeji shikamoo", ingawa kanizidi umri, akaishia kugonga cherehani kwa ngumi akisema nimemvunjia ndoa. Nilimwambia gauni alishachukua na deni hakuna, nikamwita mume wangu kwa sauti kubwa, na alipoondoka tu nilienda kwa mwenyekiti wa mtaa nikaandikisha, kisha dawati wakapewa taarifa. Anayesaidia naye ajiandikishe mahali, asijifanye shujaa wa peke yake, na nyumbani kwenu wajue unachokifanya.

Talaka imeshatoka, matunzo anatoa kwa kusuasua mpaka ustawi wampigie simu, na shauri la nyumba limepangwa tena mwezi ujao. Mwanasheria kasema nije na daftari lenyewe la vipimo, lisinakiliwe wala lisisafishwe, na madoa yake ya mafuta ya cherehani, maana nitaulizwa mi ndo niliyeandika na nitajibu ndiyo.